UZI MAALUMU: Wachezaji wa besiboli waliotangulia mbele ya haki, tuwataje hapa

Kiti cha Juu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Najua wengi wenu jukwaa hili mnalifungua kwa ajili ya Simba, Yanga, Gor Mahia na ligi ya Uingereza. Lakini tupo wachache tunaoishi Marekani, na baadhi mlioko nyumbani mnaokesha na intaneti, ambao besiboli imetuingia moyoni. Mchezo huu una wakubwa wake waliokwisha kufa, kila mwaka orodha inarefuka, nasi hatuna mahali pa kuwalilia kwa lugha yetu. Kila mmoja alete marehemu wake. Takwimu tupu zimejaa kila kona, kwa hiyo usiishie hapo. Tuambie kilichokufanya umpende.

Naanza na Hank Aaron, aliyefariki 22 Januari 2021 akiwa na miaka 86.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934, katika familia isiyo na kitu, akajifunza kupiga kwa fimbo na vifuniko vya chupa. Alicheza kwa muda katika Indianapolis Clowns, moja ya timu za Ligi za Weusi, yaani ligi za wachezaji weusi waliokuwa wamezuiwa ligi kuu, kisha mwaka 1954 akaingia Milwaukee Braves. Mwaka 1957 walichukua ubingwa. Mwaka 1966 timu ikahamia Atlanta, na yeye akarudi Kusini ile ile aliyokulia, akiwa sasa ndiye nyota wa timu.

Rekodi iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa ya Babe Ruth, homurani 714. Aaron alipoikaribia, barua zilimiminika. Nyingi zilikuwa za kumtia moyo, lakini nyingine zilikuwa matusi na vitisho vya kumuua, yeye na watoto wake. Alitembea na mlinzi. Alilala mahali tofauti na wenzake. Na kila jioni alikwenda uwanjani, akashika gongo lake, akapiga. Tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, mrushaji Al Downing wa Dodgers akamtupia, na mpira wa 715 ukavuka uzio. Mama yake akafika uwanjani akamkumbatia kwa nguvu. Mtangazaji wa Dodgers, Vin Scully, alinyamaza kwanza akauacha umati uzungumze, kisha akasema jambo ambalo kila mtu alilijua: mtu mweusi anashangiliwa na watu waliosimama, katika Kusini ya Marekani. Scully naye ametangulia, Agosti 2022.

Alimaliza na homurani 755. Ukiziondoa zote, bado anabaki na hiti zaidi ya 3,000, idadi ambayo wachezaji wengi wakubwa hawaifikii maisha yao yote.

Niseme na hili kwa kuwa nililiona likizunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp. Tarehe 5 Januari 2021 Aaron alichanjwa hadharani dhidi ya korona, pale Morehouse School of Medicine, ili watu weusi wenzake waondoe hofu. Alipofariki siku 17 baadaye, watu wakasema chanjo ndiyo iliyomuua. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya Fulton ilitamka wazi kwamba kifo kilikuwa cha kawaida. Mzee yule alikwenda pale kwa nia ya kuwalinda watu, na inaniuma kifo chake kugeuzwa silaha ya kuwatisha watu hao hao.

Karibuni.

---

Bin Tanga

Mkuu, umefungua kwa heshima. Mimi naleta Willie Mays.

Alizaliwa Westfield, Alabama, mwaka 1931. Mwaka 1948, bado mwanafunzi wa sekondari, alikuwa akichezea Birmingham Black Barons katika uwanja wa Rickwood, uliofunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1951 akaingia Giants, New York, na jioni nyingine watoto wa Harlem walikuwa wanamgongea waende kucheza barabarani kwa fimbo za mafagio. Naye anatoka, anacheza nao, halafu kesho yake yuko uwanjani na watu wazima.

Wote mnajua mpira aliodaka 29 Septemba 1954. Fainali, mchezo wa kwanza, matokeo 2-2, Cleveland wana watu wawili kwenye besi. Vic Wertz anaupiga mpira mbali kupita kiasi. Mays anageuka, anawapa mgongo wote, anakimbia kuelekea ukutani, anaudaka juu ya bega bila kusimama. Watu wanasimulia kudaka tu. Mimi nasema tazameni alichofanya baada ya kudaka: alijizungusha papo hapo akaurusha mpira ndani, watu wa Cleveland wasipate nafasi ya kufika nyumbani. Giants wakashinda mchezo ule kipindi cha kumi, wakawafagia Cleveland michezo minne kwa bila, na Cleveland walikuwa wameshinda mechi 111 msimu ule.

Sasa kifo chake. Ligi kuu ilipanga mechi ya heshima pale pale Rickwood, 20 Juni 2024, Giants dhidi ya Cardinals. Mzee alikuwa na miaka 93. Tarehe 17 akatuma ujumbe kwamba hataweza kusafiri. Tarehe 18 akafariki. Habari ziliwafikia watu wakiwa ndani ya uwanja wa Rickwood wenyewe, kwa sababu jioni ile kulikuwa na mechi ya ligi ndogo. Watu wakasimama na kumpigia makofi. Siku mbili baadaye mechi ikachezwa, na uwanja mzima ulikuwa kama matanga ya mtu wa nyumbani.

Na usiku ule Reggie Jackson, aliyechezea Birmingham mwaka 1967, akaulizwa kwenye televisheni anajisikiaje kurudi. Hakupamba. Alieleza hoteli zilizomkataa, migahawa iliyomfukuza, na wenzake weupe waliomhifadhi. Nilishukuru kwamba alisema. Ukimsifu Mays bila kutaja Alabama aliyotokea, umemsifu nusu.

---

Mgeni Mwema

Wakuu naomba msaada. Mimi niko Dodoma, besiboli siijui kabisa lakini uzi huu umenishika. Homurani ni nini, hiti ni nini, na kwa nini mnahesabu kila kitu?

---

Kiti cha Juu

Karibu sana ndugu. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji ana gongo. Akiupiga ukaangukia ndani ya uwanja na yeye akafika besi ya kwanza salama, hiyo ni hiti. Akiupiga ukavuka uzio, anazunguka besi zote nne na kurudi nyumbani bila kubughudhiwa na mtu, hiyo ni homurani. Mpigaji mzuri sana hushindwa mara saba katika kila mara kumi. Ndiyo maana tunahesabu: msimu una mechi 162 kwa kila timu, mchezaji anasimama na gongo mara 600 na zaidi, na tofauti kati ya mtu wa kawaida na gwiji unaiona polepole, siku baada ya siku. Mtu akifa, hesabu yake inabaki imesimama pale alipoiacha, na mjukuu aliyezaliwa baada yake anaweza kubishana nayo.

---

Fundi Magari

Mwaka 2020 ulitumaliza jamani. Ndani ya mwaka ule mmoja wakaondoka Al Kaline, Tom Seaver, Lou Brock, Bob Gibson, Whitey Ford, Joe Morgan na Phil Niekro, wote wa Jumba la Mashuhuri kule Cooperstown. Januari iliyofuata wakafuata Tommy Lasorda, Don Sutton, na huyo Aaron. Viwanja vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona, hata kukusanyika kuwaaga haikuwezekana.

Mimi ni mtu wa St. Louis, kwa hiyo Brock na Gibson waliniuma pamoja. Brock 6 Septemba, Gibson 2 Oktoba. Gibson mwaka 1968 aliruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa mchezo. Katika mchezo wa kwanza wa fainali mwaka ule aliwatoa wapigaji 17 wa Detroit kwa straiki, yaani kila mmoja alishindwa kuupiga mpira mara tatu. Ligi ikaona warushaji wamezidi, msimu uliofuata wakapunguza kile kichuguu anachosimama mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10. Mtu mmoja kafanya uwanja ubadilishwe vipimo! Si yeye peke yake aliyetamba mwaka ule, lakini jina linalotajwa ni lake.

---

Wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Pennsylvania, nafanya kazi ghalani pamoja na Wapuerto Rico. Hao ndio walinifundisha jina la Roberto Clemente, na walinifundisha kwa sauti ya mtu anayetaja baba yake.

Alizaliwa Carolina, Puerto Rico, mwaka 1934. Alichezea Pittsburgh Pirates misimu 18. Waandishi wa wakati ule walimcheka Kiingereza chake, wakaandika maneno yake kwa matamshi ya kumdhihaki, na kadi za wachezaji zikamwita Bob, ilhali yeye alisema jina lake ni Roberto. Sisi wakimbizi tunalijua jambo hilo vizuri sana. Mwaka 1971 Pirates walichukua ubingwa na yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Kamera zikamjia. Kabla ya kujibu kwa Kiingereza, aliomba nafasi aseme neno kwa Kihispania kwa wazazi wake nyumbani, akawaomba baraka zao. Siku kubwa kuliko zote katika maisha yake, mbele ya Marekani nzima, kitu cha kwanza ni radhi za wazazi.

Tarehe 30 Septemba 1972 akapiga hiti yake ya 3,000. Ilikuwa ya mwisho katika msimu wa kawaida. Tarehe 23 Desemba tetemeko likaipiga Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya chakula na dawa. Akasikia misaada inaishia mikononi mwa askari wa Somoza, mtawala wa Nicaragua, akaamua kusafiri nayo mwenyewe, akiamini kwamba mbele yake hawatathubutu kuiba. Ndege ilikuwa mbovu na imejazwa kupita kiasi. Usiku wa 31 Desemba iliruka kutoka San Juan ikaanguka baharini. Wote watano walikufa. Mwenzake Manny Sanguillén hakwenda kwenye ibada ya kumwombea. Alikuwa baharini na wapiga mbizi, anamtafuta. Mwili haukupatikana kamwe.

Kanuni inataka mchezaji akae nje miaka mitano ndipo apigiwe kura ya Cooperstown. Kwa Clemente waliiondoa, akaingia 1973. Hadi leo mchezaji anayewasaidia watu kuliko wenzake hupewa tuzo yenye jina lake.

Mimi nimeona malori ya misaada yakiliwa njiani. Kwa hiyo huyu mtu simkumbuki kwa hiti 3,000.

---

Mgeni Mwema

Wa Bukavu, umenitoa machozi kaka. Mungu amrehemu.

---

Dada wa Nakuru

Hamjambo nyote. Sisi wasichana wa shule za Kenya tulicheza raundaz, kwa hivyo nilipofika huku sikupata shida kuelewa besi na gongo. Lakini nimekuja na jambo lingine, na ningependa wachanga hasa wasome pole pole.

Kila mtu amesikia Jackie Robinson. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, akawa mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu tangu ukuta wa ubaguzi ulipojengwa katika karne ya 19. Alitukanwa, akarushiwa mipira ya kumlenga, na alikuwa ameahidi hatajibu kwa ngumi. Namba yake 42 ilistaafishwa kwa timu zote mwaka 1997, na kila 15 Aprili wachezaji wote wanaivaa.

Hayo yako kila mahali. Sasa lisilosemwa sana. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuja Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Vyuo vilitoa nafasi na ufadhili, lakini vijana hawakuwa na nauli, na serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuwasaidia. Robinson alikuwa amestaafu besiboli baada ya msimu wa 1956 na yuko kwenye kampuni ya kahawa, Chock full o'Nuts, kama makamu wa rais. Yeye, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuomba michango kwa umma wa Marekani. Pesa zikaja. Septemba 1959 wanafunzi 81 wakatua New York. Mwaka uliofuata walihitajika mamia zaidi, na Robinson, aliyekuwa akimuunga mkono Nixon, makamu wa rais wa Marekani, alimbana Nixon serikali igharamie ndege. Mwishowe wakfu wa familia ya Kennedy ndio uliotoa dola 100,000.

Mmoja wa vijana waliosafiri mwaka 1960 kwa mpango huo ni Wangari Maathai, aliyekwenda kusoma Kansas. Walimu, madaktari, maofisa wa serikali za kwanza za Afrika Mashariki, wengi walipitia hapo. Mwenye mzee nyumbani aliyesoma Marekani miaka ile, amuulize nauli ilitoka wapi.

Mboya mwenyewe aliuawa 5 Julai 1969. Robinson alikufa 24 Oktoba 1972, miaka 53 tu. Kisukari kilikuwa kimemla macho. Nawaweka wote wawili katika uzi huu.

---

Mnyiha wa Vwawa

Dada, shikamoo kwa hilo. Naomba niongeze, maana hapa ni kwetu.

Mtoto wa Jackie Robinson, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980, akaja kwetu Mbozi. Akafyeka pori, akapanda kahawa, akaoa, akalea watoto. Aliungana na wakulima wadogo wa eneo lile na kahawa ikauzwa Marekani kwa jina la Sweet Unity Farms. Sisi wa Mbozi kahawa ndiyo ada yetu ya shule, tunajua mkulima anavyolaliwa na wanunuzi, kwa hiyo mtu anayetafuta njia ya kuiuza moja kwa moja tunamwelewa bila maelezo marefu. Wenzangu wengi niliokua nao hawakujua kabisa baba yake ni nani katika historia ya dunia.

Baba alikuwa kwenye kampuni ya kuuza kahawa New York na akasaidia vijana wa huku kwenda kule. Mwana akatoka kule akaja kulima kahawa huku. Nikiona wachezaji wote wa Marekani wamevaa 42, mimi naiona Mbozi.

---

Kiti cha Juu

Dada wa Nakuru, Mnyiha, mmeubeba uzi huu mahali ambapo sikutarajia. Asanteni sana.

Niongeze siku za mwisho za Robinson. Tarehe 15 Oktoba 1972 alialikwa kwenye fainali Cincinnati, kuadhimisha miaka 25 tangu aingie ligi kuu. Haoni vizuri, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Akapewa kipaza sauti, wakitegemea atashukuru tu. Alishukuru, kisha akasema atafurahi zaidi siku atakapotazama upande wa besi ya tatu na kumwona mtu mweusi akiwa kocha mkuu. Siku tisa baadaye akafa. Oktoba 1974 Cleveland wakampa Frank Robinson kazi hiyo, hawana undugu ila jina. Siku ya kwanza kabisa, 8 Aprili 1975, akajipanga mwenyewe acheze, na akapiga homurani. Naye Frank alituacha 7 Februari 2019.

---

Fundi Magari

Sasa mimi nitamleta ambaye najua mtagombana naye. Pete Rose. Alifariki 30 Septemba 2024, miaka 83. Hiti 4,256, hakuna aliyefikisha. Alifungiwa mwaka 1989 kwa kubeti kwenye besiboli. Mei 2025 kamishna Rob Manfred akaamua kwamba kifungo kinaisha mtu akifa, na Rose na wengine, akiwemo Joe Jackson wa kashfa ya kuuza fainali za 1919, wakatolewa kwenye orodha. Sisi kwetu marehemu hasemwi. Mtu amekwisha kuzikwa, mfungulieni mlango Cooperstown.

---

Dada wa Nakuru

Kaka, kutomsema vibaya ni kitu kimoja, kumpa kiti cha heshima ni kingine. Rose alibeti kwa timu aliyokuwa akiifundisha, akakana kwa miaka kama kumi na tano, akakiri mwaka 2004 katika kitabu cha kuuza. Ninyi mnaojua jinsi mikeka inavyomaliza vijana wetu nyumbani, mnaona hili ni dogo? Kocha mwenye pesa kwenye mechi anaweza kumchosha mrushaji leo ili alipwe leo, kesho haimhusu.

---

Fundi Magari

Hakuna ushahidi kwamba alibeti timu yake ishindwe. Na alikimbia kila mpira kama roho yake iko kwenye besi ya kwanza. Hilo siwezi kulifuta.

---

Kiti cha Juu

Nimewasoma nyote. Msimamo wangu: hiti zake ziko kwenye vitabu na hakuna aliyezifuta, kwa hiyo kukumbukwa anakumbukwa. Heshima ya Cooperstown ni jambo jingine, na adhabu iliyosubiri mtu afe ndipo iondolewe haikumsaidia yeye wala haikuufundisha mchezo chochote. Ama wangemsamehe akiwa hai asikie, ama wangeshikilia uamuzi wao. Na sasa ligi yenyewe inatangaza kampuni za kubeti kwenye kuta za viwanja. Hapo ndipo ninapokasirika. Tuendelee na wengine.

---

Mpwani wa LA

Naleta Fernando Valenzuela. Mtoto wa wakulima kutoka Etchohuaquila, Sonora, kijiji kidogo cha Mexico. Mwaka 1981, miaka 20, mnene, hajui Kiingereza, kabla ya kurusha anainua macho mbinguni. Alianza msimu kwa kushinda michezo minane mfululizo, mitano kati ya hiyo bila kuruhusu hata pointi moja. Mwaka ule akachukua tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji mpya bora kwa pamoja, na hakuna mwingine aliyewahi.

Ili kuelewa, mjue uwanja wa Dodgers uko Chavez Ravine, mahali ambapo familia za Kimexico ziliondolewa miaka ya 1950, nyingine zikiburutwa na polisi. Wazee wengi waliapa hawatatia mguu pale. Fernando ndiye aliyewarudisha, wakaja na wajukuu zao. Hakurudisha nyumba za mtu, lakini aliwapa sababu ya kukaa mahali pale vichwa vikiwa juu.

Alifariki 22 Oktoba 2024, miaka 63, siku tatu kabla ya fainali. Dodgers dhidi ya Yankees, wale wale aliowashinda kwenye fainali za 1981 kwa kurusha mipira 147 katika mchezo mmoja. Wachezaji wakavaa namba 34 begani. Wakachukua ubingwa, na gwaride la mji likafanyika 1 Novemba. Hiyo ni siku yake ya kuzaliwa. Mtaani kwangu watu walikuwa wanalia na kupiga tarumbeta kwa wakati mmoja.

---

Bin Tanga

Na miezi miwili baadaye Rickey Henderson, 20 Desemba 2024, siku tano kabla ya kutimiza 66. Besi 1,406 za kuiba, yaani kuchomoka kwenda besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Anayemfuata ni Lou Brock, 938. Kijana wa Oakland, na timu ya Oakland ilikuwa imecheza mechi yake ya mwisho mjini humo Septemba ya mwaka ule ule. Watu wa Oakland walizika timu na mtu wao ndani ya miezi mitatu. Poleni sana mlioko huko.

---

Nesi wa Zamu

Mimi sitaandika kirefu. Tony Gwynn, San Diego, misimu 20 timu moja. Mpigaji bora wa ligi mara nane, wastani wa maisha .338, yaani hiti 338 katika kila mara 1,000 za kupiga. Mwaka 1994 alikuwa na .394 Agosti, mgomo ukakata msimu. Greg Maddux, mmoja wa warushaji bora kuliko wote, hakuwahi kumtoa kwa straiki tatu hata mara moja.

Alifariki 16 Juni 2014 akiwa na miaka 54 kwa saratani ya tezi ya mate. Yeye mwenyewe aliamini ni tumbaku aliyokuwa akiiweka shavuni tangu ujana. Miaka miwili baadaye wachezaji na ligi wakakubaliana kwamba wanaoingia wapya wasiitumie uwanjani. Wenye ndugu wanaotafuna kuberi na ugoro, wapelekeni wakaangaliwe midomo. Kidonda mdomoni kikipita wiki mbili bila kupona, kionwe na daktari.

---

Wa Bukavu

Nesi, asante, nitamsomea mjomba.

Ningependa tutaje na wale wasio na mtu wa kuwataja. Josh Gibson alicheza Ligi za Weusi, Pittsburgh na kandokando. Alikufa 20 Januari 1947, miaka 35, miezi mitatu kasoro kabla ya Robinson kuingia. Kaburi lake pale Allegheny lilikaa bila jiwe mpaka 1975. Halafu 29 Mei 2024 ligi kuu ikaziingiza takwimu za Ligi za Weusi katika vitabu vyake, na Gibson, kwa wastani wa .372, akampita Ty Cobb akawa wa kwanza katika historia. Aliingia kileleni miaka 77 baada ya kuzikwa.

Na kuna daktari wa usingizi wa Peoria, Illinois, Jeremy Krock. Wazee wake walizoea kumsifu mchezaji Jimmie Crutchfield, wa mji wao huko Missouri. Akaenda kulitafuta kaburi, akalikuta halina alama, jirani na Chicago. Akachangisha, jiwe likawekwa. Hakuishia hapo, akaendelea na wenzake kutafuta makaburi mengine ya wachezaji wa Ligi za Weusi na kuyawekea majina. Kwetu kumwacha mtu bila alama ni kama kusema hakuzaliwa.

---

Kiti cha Juu

Wa Bukavu, hapo hapo na Buck O'Neil. Alicheza na kufundisha Kansas City Monarchs, na akasaidia kuanzisha makumbusho ya Ligi za Weusi mjini humo mwaka 1990. Mwaka 2006 kamati iliwapitisha watu 17 wa Ligi za Weusi na wa enzi zilizotangulia waingie Cooperstown. Yeye hakupita. Wakamwomba akawazungumzie wale 17, ambao wote walikuwa wamekufa. Akaenda, miaka 94, akawasifu bila chembe ya uchungu, akauambia umati ushikane mikono, ukaimba naye. Oktoba akafariki. Walimwingiza 2022.

---

Mgeni Mwema

Wakuu, nimesoma tangu mwanzo, nimeandika majina yote kwenye daftari. Swali moja: nikitaka kuanza kutazama, nianze na timu gani?

---

Fundi Magari

St. Louis Cardinals, ndugu yangu, usisikilize mwingine.

---

Mpwani wa LA

Dodgers. Timu ya Robinson na ya Fernando.

---

Mnyiha wa Vwawa

Mwacheni kijana aanze na tarehe 15 Aprili, wote wamevaa namba moja. Atachagua mwenyewe. Na wa Boston mko wapi, mbona Tim Wakefield hajatajwa? Oktoba 2023, miaka 57. Leteni.